Waya Ulioingia Ardhini

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Chiriku alikuwa amekwisha kufagia ua, amejaza ndoo ya jikoni, na amemsindikiza Bibi hadi nyumba ya pampu. Kusindikizana huko hakukuwa safari ya kuchosha mtu. Kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye kile chumba cha matofali chenye mlango wa chuma zilikuwa hatua ishirini tu, na kumi kati ya hizo Bibi alizitumia kulalamikia magoti yake. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba nyeusi. Alikuwa mtunza pampu wa mtaa kwa mwaka wa kumi na sita, na hakuna nyumba iliyowahi kukosa maji kwa sababu ya usingizi wake.

Zamani mota ya pampu iliwashwa kwa swichi kubwa. Ilishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na mabomba ya mtaa mzima yakagonga. Miezi mitatu iliyopita mafundi waliokuwa na haraka zao walikuja wakafunga sanduku la kijivu ukutani, kidhibiti mwendo, ambacho kilianza kuizungusha mota polepole na kuiongezea kasi kidogo kidogo. Bibi alikipenda. Alisema sasa mota inaamka kwa adabu, haikurupuki.

Chiriku hakukipenda hata kidogo, lakini hakumwambia mtu.

Jina hilo la Chiriku alipewa na mama yake, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. Mama ndiye aliyekuwa na masikio ya kuyabeba maneno yote hayo. Mwezi wa kumi na mmoja sasa ulikuwa unapita tangu Mama aende kufanya kazi kwenye kituo cha redio, mbali sana, safari ya siku mbili kwa basi. Alipiga simu kila Jumapili. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo Mama alizungumza harakaharaka: kikohozi kimepona? Hesabu zinaendaje? Viatu bado vinatosha? Chiriku alijibu ndiyo, vizuri, vinatosha. Kisha simu ilikatika, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi yakabaki naye.

Sauti aliyoitamani ilikuwa ya Jumamosi, saa kumi alasiri, kwenye kipindi cha watoto. Hapo Mama hakuwa na haraka. Alisimulia hadithi, akampa kila mnyama sauti yake, akatulia pale panapotakiwa kutulia. Hadithi nyingine Chiriku alizijua neno kwa neno, maana alisimuliwa yeye kwanza, kitandani, mkono wa Mama ukiwa mgongoni mwake. Sasa watoto wa nchi nzima walizipata. Aliwaonea wivu wote, na kilichomuuma zaidi ni kwamba wengi wao walimsikia Mama vizuri kuliko yeye.

Kwa maana tangu sanduku la kijivu lifungwe, redio ilikuwa haisikiki. Alasiri pampu ilifanya kazi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, na muda wote huo redio ilikaanga mafuta. Mama alitokea katikati ya makelele yale, neno moja hapa, kicheko kule, kisha akazama tena.

Siku moja Chiriku alimwomba Bibi azime pampu nusu saa tu. Bibi akauliza kwa nini. Chiriku aliona tabu kusema ukweli. Bibi alimlea, alimpikia, alimfulia; angewezaje kumwambia kwamba bado kuna kitu kimepungua? Akasema mlio wa pampu unamuumiza kichwa.

"Nyumba za juu zinapata maji saa hiyo tu," Bibi alisema. "Kule kuna mama wa pacha wachanga. Nimwambie nepi zisubiri kichwa chako kipone?"

Akampa chai ya tangawizi na kumwamuru alale. Chiriku akanywa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Aliyeleta maarifa ni Kiroboto, mtoto wa jirani, ambaye walikaa dawati moja. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja hata akiwa amekalia mikono yake. Kiroboto alisema dawa ya redio ni antena ndefu ya shaba. Mjomba wake alifunga moja akasikia mpaka nchi ambazo hakujua lugha zake.

Chiriku alijua shaba ilipo. Nyuma ya nyumba ya pampu palikuwa na waya mnene usio na ganda, uliotoka kwenye tundu la ukuta, ukateremka, ukafuata msingi hadi kwenye kona, na pale ukafungwa kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini.

Walikwenda kuutazama. Kiroboto aliuzunguka mara tatu.

"Unakwenda wapi huu?"

"Hauendi popote," Chiriku alisema. "Unaingia ardhini, basi."

"Sasa unampelekea nani umeme? Mchwa?"

Walicheka hadi wakashika mbavu, na ndani ya kicheko hicho wakakata shauri. Waya usiokwenda kwenye taa wala kwenye mota ni waya wa bure. Bila shaka mafundi waliuacha kwa uvivu.

Alhamisi, Bibi alipokwenda kwenye mkutano wa kamati ya maji, walichukua koleo lake wakaukata waya ule juu na chini. Hawakudhurika kwa sababu pampu ilikuwa imezimwa, na hilo hawakulipanga. Ilikuwa bahati tu, na bahati si fundi umeme. Waya ulikuwa umesokotwa kwa nyuzi saba. Walizisokotoa, wakaziunga moja baada ya nyingine, wakapata antena ndefu ya kutoka dirishani kwa Chiriku, juu ya paa la nyumba ya pampu, hadi kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Tundu la ukutani Chiriku aliliziba kwa udongo. Juu ya fimbo aliinamisha chungu cha maua kilichopasuka. Alipokuwa akikiweka sawa alijua anaficha, na mtu haifichi kazi njema.

Jumamosi alikaa mbele ya redio tangu saa tisa na nusu, amenawa uso kana kwamba anakwenda kupokea mgeni. Pampu ilikuwa ikifanya kazi. Alipowasha redio makelele yalitoka mara mbili ya yale ya zamani. Yalinguruma, yakapiga filimbi, yakakwaruza. Katika nusu saa nzima alimpata Mama mara moja, akisema "subiri," na hakujua ni nani aliyekuwa akiambiwa asubiri. Alilala kifudifudi akalia. Alipomaliza kulia aliamua kwamba antena ni fupi.

Jumatatu, saa tisa na nusu alasiri, mbingu ya mtaa ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Mvua ilikuwa ikinyesha mbali, upande wa milimani, na radi ilipiga huko huko karibu na nguzo za umeme. Hakuna aliyesikia ngurumo. Lakini ndani ya nyumba ya pampu kulisikika mlipuko mdogo, kikafuata kimya, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka chini ya mlango. Bibi aliyekuwa nje akianika nguo aliidondosha shuka vumbini akakimbia. Alikimbia kweli, na magoti yake hayo.

Kufikia Jumanne mtaa mzima ulikuwa ukipanga foleni kwenye kisima cha zamani, na foleni ina midomo. Wengine walisema Bibi alisikia ngurumo akapuuza. Wengine walisema kwa huruma, na huruma yao iliuma zaidi, kwamba uzee umeingia, masikio hayamsaidii tena. Chiriku aliyasikia yote akiwa na ndoo yake kichwani.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuja jioni hiyo. Alikuwa mtu wa heshima, na alizungumza akiangalia kofia yake.

"Mama, sheria iko ukutani. Ngurumo zikianza, zima swichi kuu."

"Sikusikia ngurumo, baba."

"Ndilo watu wanalolisema. Kwamba hukusikia." Aliigeuza kofia. "Pumzika kwanza, mpaka Fundi aje atueleze. Ufunguo nitakaa nao mimi."

Bibi aliivua kamba kupitia kichwani, ikanasa kwenye kilemba, akainasua taratibu, akampa. Kisha akamuuliza kama atakunywa chai.

Fundi aliitwa Bisibisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi nyuma ya sikio, hata msibani. Alifika Jumatano asubuhi pamoja na Mwenyekiti. Kiroboto na Chiriku walikuwa wakitoka kwenda shule, wakasimama uani. Fundi alifungua kidhibiti, akanusa, akatikisa kichwa. Akaangalia kinga ya radi, kijisanduku kidogo kilichofungwa kando, akakunja uso. Akazunguka nyuma ya nyumba. Walimsikia akisogeza chungu.

"Waya wa ardhi uko wapi?" aliuliza.

Bibi hakujua. Mwenyekiti naye hakujua, ila alisema bila shaka ni wezi wa shaba, siku hizi wamezidi. Kisha akaongeza, si kwa ubaya, kwamba mtunza pampu mwenye macho mazuri angeona waya haupo.

Kiroboto alimvuta Chiriku mkono hadi nyuma ya tangi la maji lililokuwa kando ya ua.

"Nyamaza," alinong'ona. "Wezi wameshapewa lawama, na wezi wenyewe hawapo. Nani ataumia?"

Ilikuwa hoja nzuri, na Chiriku aliitaka sana iwe kweli. Akachungulia uani. Bibi alikuwa amesimama peke yake kando ya mlango wa chuma. Mkono wake ulipanda shingoni kutafuta ufunguo, ukapapasa, ukakosa, ukabaki pale pale kwenye koo. Kwa miaka kumi na sita mkono ule ulijua njia, na sasa haukujua uende wapi.

"Yeye ndiye anaumia," Chiriku alisema.

Alitoka nyuma ya tangi. Njia ya kutoka tangi hadi mlango wa chuma ilikuwa fupi kuliko safari zote alizowahi kutembea, lakini aliona kama haifiki. Akasema waya ameukata yeye, tangu Alhamisi. Akasema ameufanya antena, akaonyesha juu, nyuzi zikiwaka juani zilipopita juu ya paa ambalo watu wazima watatu walikuwa wamesimama chini yake. Hakumtaja mtu mwingine. Lakini Kiroboto, ambaye hawezi kukaa mahali pamoja, hakuweza kukaa nyuma ya tangi pia, akaja akasimama kando yake akiangalia vidole vya miguu.

Mwenyekiti alifungua kinywa. Fundi Bisibisi aliinua mkono kumtuliza, kisha akachuchumaa mbele ya watoto.

"Mlidhani waya huu haufanyi kazi."

"Unaingia ardhini tu," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo kazi yake." Fundi hakufoka. Aliwaeleza kwamba kidhibiti hukatakata umeme vipande vidogo, maelfu kwa sekunde moja, ili mota izunguke kwa mwendo unaotakiwa. Kukatakata huko huzaa makelele ambayo sikio halisikii, ila redio huyasikia. Waya wa ardhi ukiwepo, makelele hupata njia fupi ya kupita yakatulia. Ukiondolewa, yanatafuta njia nyingine, yanaruka hewani. "Na wewe ukatandaza nyuzi juu ya paa, ukayaalika yaingie redioni kwako."

Chiriku alielewa. Kitu pekee kilichokuwa kikimsaidia kumsikia Mama, angalau kidogo, ndicho alichokikata.

"Radi nayo ni hivyo hivyo," Fundi aliendelea. "Ule umeme wa ghafla ulikuja kwenye nyaya kutoka milimani. Kinga ipo, ilitaka kuumwaga ardhini, ikakuta mlango umekatwa. Bibi yako angesikia ngurumo ipi? Haikupiga hapa." Alimgeukia Mwenyekiti aliposema hayo, kisha akarudi kwa Chiriku, na sasa sauti yake ikawa nzito. "Hayo yote nitayatengeneza. Kuna jambo moja nisingeweza kulitengeneza. Bila waya huu, ndani kukiharibika kitu, sanduku zima la chuma linashika umeme. Siku tano hizi Bibi yako amelishika mara ngapi, na mikono yake ya maji?"

Chiriku alimtazama Bibi, kisha mikono ya Bibi. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na machozi yakaja yenyewe. Bibi aliinama kwa taabu akamshika bega.

"Wanasema majuto ni mjukuu," alisema. "Mimi mjukuu ninaye tayari. Inuka."

Mwenyekiti alimrudishia Bibi ufunguo kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Kisha akawageukia wale wawili. Adhabu yao haikuwa fimbo. Walitakiwa kupita nyumba zote thelathini na mbili za mtaa, wabishe hodi, na waseme kwa vinywa vyao nani aliyekata waya na nani ambaye hakukosa. Chiriku angeipenda fimbo zaidi. Fimbo huisha haraka.

Waliipiga kazi hiyo siku mbili baada ya shule. Kwenye nyumba zingine waligombezwa, kwenye zingine walichekwa, na mzee mmoja kiziwi aliwafanya warudie mara nne kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama wa pacha. Alifungua mlango na mtoto kwenye kila mkono, nepi zimelowekwa kwenye beseni nyuma yake, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo nyumba thelathini na moja hazikuuliza.

"Ulitaka kusikia nini hasa, mwanangu?"

"Mama yangu," Chiriku alisema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu. "Nimemkumbuka sana."

Yule mama alimsogelea. Alimweka mtoto mmoja mikononi mwa Chiriku, akamwacha amshike muda mrefu.

Ijumaa vifaa vilifika, na Fundi akafanya kazi kutwa nzima. Aligundua mafundi wale wa kwanza nao walikuwa na makosa yao: waya wa mota waliupitisha bomba moja na ule mwembamba unaopima maji ya tangi, mmoja ukamchafua mwenzake. Akaupa kila mmoja njia yake. Waya wa mota akaubadilisha, akaweka kebo iliyovishwa wavu wa shaba, na wavu huo akaubana pande zote mbili, kwenye mota na kwenye kidhibiti, kwa kibano cha chuma kinachouzunguka wote. Akafunga kinga mpya. Waya wa ardhi nao ukawa mpya, mnene na mfupi, na safari hii aliuingiza ndani ya bomba gumu. Alipomaliza akaomba redio ya Chiriku, akaiwasha kando ya pampu inayozunguka, akaridhika, akaondoka bila kuaga, bisibisi sikioni.

Jumamosi saa kumi Bibi hakubaki kwenye pampu. Alikuja akakaa kitandani kwa Chiriku. Sauti ya Mama iliingia chumbani nzima, safi, mpaka pumzi yake ilisikika kabla ya sentensi. Chiriku alisikiliza bila kupepesa macho. Kipindi kilipokwisha alitarajia kufurahi, badala yake akalia kuliko siku zote.

"Nilidhani nikimsikia vizuri hamu itaisha," alisema.

"Haiishi," Bibi alisema. "Mimi pia ninayo. Yule ni mama yako, lakini ni mwanangu." Alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Sikiliza, Chiriku. Kumkumbuka mama si kosa. Kosa lilianza uliponiambia kichwa kinauma. Ungesema redio haisikiki na moyo wako unamtaka mama yako, Fundi angeitwa siku ile ile, na waya ungekuwa ukutani. Ukweli ukisemwa mapema husemwa kwa mtu mmoja. Wewe umeusema nyumba thelathini na mbili."

"Niliogopa utaumia."

"Ningeumia kidogo. Kisha ningekukumbatia." Bibi alisimama, akashika magoti. "Kesho mama yako atapiga simu. Unajua la kumwambia."

Simu ililia Jumapili saa nne. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha kama kawaida, na Mama akaanza mbio: kikohozi, hesabu, viatu.

"Mama, acha viatu kwanza," Chiriku alisema. "Nina hamu na wewe. Nina hamu kila siku, hata siku ninazosema sijambo."

Sauti iliyojibu haikuwa ile ya haraka, wala ile ya redioni.

"Siku hizi ukijibu unajibu kwa neno moja moja," Mama alisema. "Nikadhani umezoea nisipokuwepo. Niliogopa kukuuliza."

"Sijazoea," Chiriku alisema. "Mama, sijazoea kabisa."

"Basi niambie," Mama alisema. "Niambie yote."

Na Chiriku akaanza kusema.